Nimepata 97 mtihani wa zimamoto Massachusetts, mwenye 74 yuko juu yangu kwa sababu alipita jeshini. Tujadili

BoksiMpakaLini:

Wakuu habari za saa hizi. Hili bandiko refu kidogo, mwenye haraka zake apite asije akaniambia nifupishe.

Mimi mtoto wa Tanga, niko Massachusetts huu mwaka wa tisa. Boksi nimebeba, wazee nimelea zamu za usiku, vifurushi nimesambaza kwenye theluji mpaka vidole vinakufa ganzi, na katikati ya hayo uraia nikapata. Mwaka juzi jamaa yangu mmoja Mghana akaniambia bwana wewe mwili unao, kichwa unacho, kafanye mtihani wa zimamoto wa mji unaoishi, mshahara unaeleweka, bima ya familia nzima, pensheni, na ukishamaliza kipindi cha majaribio hakuna bosi wa kuamka vibaya akakufukuza. Nikaona hapa ndipo boksi linapoishia.

Nikasoma miezi minne kama mtoto wa form six, naamka saa kumi alfajiri kabla ya kazi, wife anawatoa watoto Jumamosi nzima ili nibaki na vitabu. Majibu yakaja, 97. Wakuu tulipika pilau. Nikapiga picha ile karatasi nikamtumia bi mkubwa, akaizungusha mtaa mzima, mpaka mjomba akanipigia kuuliza hilo gari jekundu nakabidhiwa lini.

Halafu listi ikatoka. Namba 58.

Nikajua wamekosea. 97 halafu 58, ina maana watu 57 wamenipita maksi? Sasa kuna kijana mmoja tulikuwa tunafanya naye mazoezi ya kupanda ngazi na mzigo mgongoni, mtu poa hana neno na mtu, huyo kaniambia kwa mdomo wake kapata 74 na yuko namba 19. Nikamuuliza inakuwaje. Akacheka, akasema yeye alikuwa jeshini miaka minne.

Mji ulikuwa unataka watu 6. Kanuni ya huku ni kwamba majina yanayoangaliwa ni idadi ya nafasi mara mbili ukiongeza moja, kwa hiyo 13 wa juu. Wote 13 wamepita jeshini. Hata yule wa 74 raundi ile haikumfikia, mimi ndo kabisa, simu haikulia.

Mjomba bado anauliza gari.

Nimekaa na hili jambo miezi kadhaa, hasira zimepungua, nimelisoma mpaka mke ananiita wakili. Swali langu kwenu: ajira za mji, za halmashauri kwa lugha yetu, ni haki aliyevaa gwanda awekwe mbele ya kila mtu hata kama maksi zake ni za kuponea chupuchupu?

Sufuria Nyeusi:

Nchi ya watu hiyo mkuu. Wenzio babu zao wamezikwa na bendera, wewe umeingia na begi. Shukuru pilau mmekula.

BoksiMpakaLini:

Hahaha haya bwana. Ila hilo begi nalilipia kodi mwaka wa tisa sasa.

Nanga wa Kigamboni:

Weka sheria yenyewe mezani mkuu, usije kuwa umefeli intavyuu unasingizia wanajeshi

BoksiMpakaLini:

Intavyuu gani na simu haijapigwa? Sheria hii hapa.

Massachusetts kuna sura ya 31 ya sheria za jimbo, ndiyo inasimamia ajira za utumishi wa umma zinazokwenda kwa mtihani, na kwa miji siku hizi kubwa lililobaki humo ni polisi na zimamoto. Kifungu cha 26 kinapanga foleni. Ukiacha kikundi kidogo cha watoto wa polisi na zimamoto waliofia kazini ambao wana nafasi yao maalumu, wanaoanza ni maveterani walioumia wakiwa jeshini, wanafuata maveterani wengine, halafu wajane na wazazi wajane wa waliouawa, ndo mwisho kabisa sisi wengine tulioachwa na jina la "wengineo". Ndani ya kila kundi ndo mnapangwa kwa maksi. Yaani maksi zinashindanishwa ndani ya kundi tu, sio kati ya kundi na kundi. Ukipata 70, ambayo ndo ya kufaulia, na umepita jeshini, unakaa juu ya raia aliyepata 100. Sio natia chumvi, ndivyo ilivyoandikwa.

Na mji ukitaka kumruka mtu wa juu umchukue wa chini lazima uandike sababu, na aliyerukwa anakata rufaa kwenye tume ya utumishi. Kwa hiyo mkuu wa zimamoto hata akikupenda vipi hawezi kukuokota huko namba 58.

Mwanzoni nilidhani Marekani nzima iko hivi. Haiko hivyo, na hapa ndipo nilipoona hili jambo linataka akili na sio hasira. Serikali kuu ina sheria yake ya 1944, rais Roosevelt alisaini mwezi wa sita vita haijaisha, na ile inatoa pointi: 5 kwa aliyetumikia, 10 kwa aliyeumia. Lakini ile ni ya ajira za serikali kuu. Manispaa inafuata sheria ya jimbo lake. New York wanaongeza pointi kama serikali kuu. New Jersey wako kama huku kwetu, akifaulu tu anapanda juu. Ukivuka mto Hudson kutoka Manhattan kwenda Jersey City ni dakika chache kwa treni, mtu yule yule na DD-214 ile ile anahama kutoka kuongezewa pointi 5 anaenda kuwa wa kwanza.

(DD-214 ni ile karatasi ya kutokea jeshini, inaeleza ulitumikia lini na ulitokaje. Huku ina thamani kuliko cheti cha ndoa.)

Mwali wa Msambweni:

Kaka nakupa pole ila mimi sioni ubaya. Mtu kaacha ujana wake miaka minne, wenzake wamesoma chuo, wameanza kazi, yeye yuko jangwani. Akirudi ashindane nao sawa sawa?

Nanga wa Kigamboni:

Dada kajitolea mwenyewe kwa mshahara, hakuna aliyemshika mkono. Jeshi la kulazimishana huko liliisha 1973

Mwali wa Msambweni:

Na sheria ilianza kabla ya 1973 au baada?

BoksiMpakaLini:

Dada Mwali umepiga palepale. Ilianza zamani sana. Massachusetts walianza kuwapendelea maveterani 1884, mwaka ule ule walioanzisha mfumo wa mitihani ya utumishi, na 1896 wakaufanya upendeleo uwe kamili, wa kuwekwa juu kabisa. Picha ya wakati ule ni wazee waliopigana vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwingine hana mguu, mwingine ana risasi begani, unampa kazi ya ukarani au kufungua geti la mahakama, nani atabisha. Mimi kwa mzee yule nisingebisha hata dakika moja.

Dereva_Queens:

Mimi ni Mkenya, mtanisamehe Kiswahili yangu, ya Tanga sina. Nimesoma hii yote na nimeona nijibu kwa sababu mimi ndio huyo mtu mnaongelea.

Niliingia jeshi la Marekani 2013 kwa ile programu ya MAVNI. Ilikuwa ya watu wako na visa tu, hata grin kadi hauna, lakini uko na lugha jeshi inataka, na Kiswahili ilikuwa kwa hiyo listi. Nilikuwa mwanafunzi, pesa ya masomo imeisha, mamangu Nakuru anauza maziwa ndio nilipe karo. Nikasaini. Uraia nilipata mapema, hiyo ndio ilikuwa mkataba. Nikafanya stoo miaka nne, miezi tisa ya hiyo Kuwait, joto hata huwezi shika mlango ya lori bila glavu. Programu yenyewe walifunga 2016, kuna wasichana tulijua walikuwa wamesaini wakabaki tu hapo katikati wakingoja kukaguliwa mpaka visa zikaisha.

Nilipotoka nikafanya mtihani ya kazi ya mji hapa New York. Nikapata 88. Wakaniongezea 5, nikawa 93. Hiyo 5 haikunipatia kazi, ilinitoa mahali pa chini ikanileta mahali wanaweza niona. Na ni mara moja tu, ukishaitumia kupata kazi imeisha, hauwezi enda idara nyingine uitumie tena. Ukiitumia kwa kupandishwa cheo wanakupa nusu, 2.5. Aliyeumia ni 10 na 5. Na lazima kwanza ufaulu mwenyewe, hakuna kuongezewa pointi ndio ufike kufaulu.

Sasa BoksiMpakaLini, ukisema haki, mimi nakuuliza: hiyo 5 yangu nayo inakuuma?

BoksiMpakaLini:

Dada yangu hapana. Na asante kwa kuja, nilikuwa naomba atokee mtu aliyekaa upande ule.

Hiyo 5 hainiumi. Ningekuwa New York na 97 yangu, wewe na 93 yako, niko juu yako. Ungepata 93 yako mwenyewe ukafika 98 unanipita na ninakupigia saluti. Pointi zinasema huyu alitoa kitu, tumuongezee uzito. Mfumo wa huku haupimi uzito wowote, unafunga mlango, kisha anaulizwa mwenye funguo. Hilo ndo ninalolipinga, sio nyie.

Dereva_Queens:

Sawa. Nimekuelewa. Nilikuwa nimekuja na panga lakini nimeweka chini 😂

Sufuria Nyeusi:

Kumbe Kiswahili kinaingiza watu jeshi la Marekani na sisi tunawapeleka watoto inglishi midiam

BoksiMpakaLini:

Nirudi kwenye kitu kilichonifanya nisilale siku mbili. Kuna kesi inaitwa Feeney, ya huku huku Massachusetts. Helen Feeney alikuwa mfanyakazi wa serikali ya jimbo, alianza 1963 ukarani kwenye idara ya ulinzi wa raia, akapanda mpaka 1967 akawa mratibu wa fedha za serikali kuu na utumishi. Mama anajua kazi. Akawa anafanya mitihani kutafuta nafasi nzuri zaidi. 1971 akapata maksi za pili kwa ukubwa kwenye mtihani wa nafasi ya katibu msaidizi wa bodi ya madaktari wa meno. Za pili wakuu! Kwenye listi akawa wa sita, nyuma ya wanaume watano maveterani, akachukuliwa mmoja aliyekuwa na maksi chache kuliko yeye. 1973 akafanya mwingine, akapangwa nyuma ya wanaume 12, na 11 kati ya hao aliwashinda maksi. 1975 idara yake ikafutwa na kazi ikaenda. Ndo akaenda mahakamani.

Hoja yake haikuwa "nichukieni maveterani". Ilikuwa hii: kwa miaka mingi sheria ya Marekani ilikuwa inaweka kikomo cha wanawake jeshini, asilimia 2 tu, mpaka 1967 ndo wakakiondoa. Kesi ilipofunguliwa zaidi ya asilimia 98 ya maveterani wa Massachusetts walikuwa wanaume. Kwa hiyo mlango mmoja umewafungia wanawake wasiingie jeshini, mlango wa pili unawauliza mbona hamkuingia jeshini. Na robo nzima ya watu wa jimbo walikuwa maveterani, sio kikundi kidogo kile, ukisema wote watangulie umemaliza foleni.

Alishinda mahakama ya chini mara mbili. Mara ya kwanza ikarudishwa isikilizwe upya, akashinda tena. Ikapanda mahakama ya juu ya nchi, mwezi wa sita 1979 akashindwa, majaji 7 kwa 2. Walichosema kwa Kiswahili changu ni hivi: kujua kwamba sheria itawaumiza wanawake hakutoshi, lazima ithibitike ilitungwa KWA AJILI ya kuwaumiza. Hii iliwapendelea maveterani, wanawake wakaumia njiani. Na wanaume wasiopita jeshini nao wanaumia, kwa hiyo sio suala la jinsia. Hao wa "nao wanaumia" ndo mimi.

Wawili waliokataa ni Marshall na Brennan, Marshall ndo aliandika.

Mwali wa Msambweni:

Hapo kaka umenishika. Sikuwa nimeliona kwa jicho hilo. Huyo mama aliishia wapi na wanawake waliomfuata?

BoksiMpakaLini:

Sheria ipo mpaka leo dada, ndo hiyo iliyonikuta mimi. Tofauti ni kwamba siku hizi wanawake jeshini wameongezeka, dada Dereva ni shahidi, kwa hiyo ile picha ya 98 kwa 2 inabadilika pole pole yenyewe.

Kabuti la Babu:

Mimi niko Songea, sina la kusema kuhusu Massachusetts ila nasoma huku nacheka kwa uchungu. Babu yangu alikuwa Keya, alikwenda Burma kumpigania mfalme wa Kiingereza. Alirudi na kabuti na kikombe cha bati. Kabuti tulilitandika kitandani mpaka miaka ya 80. Huyo angewekwa wa kwanza kwenye foleni yoyote mimi ningemsindikiza, hata angekuwa na sufuri.

Dereva_Queens:

Babu wangu pia, wa upande wa mama. Walirudi wakapata shamba zimechukuliwa. Hakuna mtu alimuuliza kama anataka kazi.

Nanga wa Kigamboni:

Turudi bongo kidogo. Tangazo la polisi, uhamiaji, magereza, mara ngapi mmeona "awe amehitimu mafunzo ya JKT au JKU"? Kijana ana digrii yake na hajapita kule anaangalia tu. Na hatujasikia mtu kwenda mahakamani

Mwali wa Msambweni:

Hiyo ni vyombo vya ulinzi Nanga, bunduki na kwata wameshafundishwa, inaingia akilini. Boksi anaongelea manispaa. Kuvuta mpira wa maji na kushika bunduki ni fani mbili.

BoksiMpakaLini:

Nitatetea upande wao kidogo hapo dada. Zimamoto ni amri, kuamka usiku, kupanda ngazi na mtu begani, kukaa kambini na wenzako bila kugombana. Aliyetoka jeshini hayo kayazoea. Mimi nilipoanza mazoezi ya ngazi yule kijana wa 74 ndo alinifundisha kupumua. Kama kuna mtihani unaopima hayo, angenishinda kihalali kabisa. Kinachonishangaza ni kwamba wanatupa mtihani wa kusoma na kuandika, kisha matokeo hawayatumii.

Mzee wa Lowell:

Wanangu niingie. Mimi niko huku tangu miaka ya 90, na kesi ya Boston mwisho wake nimeuona kwa macho yangu. Miaka ya 70 mahakama ililazimisha polisi na zimamoto wa Boston waajiri watu weusi na Walatino, kila wakichukua mzungu mmoja wachukue na mmoja wa upande huu. Kabla ya hapo zimamoto wa Boston ilikuwa kama ukoo, baba, mtoto, mjukuu. Ule utaratibu ulidumu karibu miaka thelathini. 2003 mahakama ya rufaa ikasema kwa upande wa zimamoto lengo limefikiwa, inatosha, na polisi nao wakaondolewa muda si mrefu baadaye. Sasa ulipoondoka ile listi ikarudi kuwa sura ya 31 tupu, maveterani mbele. Chama cha zimamoto weusi wa pale, Boston Society of Vulcans, wamepiga kelele miaka na miaka kwamba wazee wanastaafu na vijana wao hawaingii. Kwa hiyo mwanangu hauko peke yako, ila usidhani ni wewe mhamiaji ndo umelengwa. Weusi wa huku nao wamejaa jeshini, wako wanaopanda kwa ngazi hiyo hiyo. Ni jambo lenye pande nyingi.

Halafu nikusahihishe, wewe umesema mlango umefungwa. Una madirisha. Moja, miji midogo mingi imejitoa kwenye utumishi wa sura ya 31, inaomba bunge la jimbo ruhusa inaanza kuajiri kwa taratibu zake. Huko veterani anaweza kuongezewa kitu lakini hakai juu ya wote. Pili, mji unaweza kuomba listi maalumu ya watu wenye lugha fulani. Boston polisi wamefanya hivyo kwa Krioli cha Haiti. Tatu, wameanzisha kadeti, kijana anaingia anafundishwa na kufanya kazi, njia yake inapita pembeni ya ile foleni.

BoksiMpakaLini:

Shikamoo mzee. Hili la lugha sikulijua kabisa, nimelisoma mara tatu.

Mzee wa Lowell:

Marahaba. Kiswahili bado sijaona mji ulioomba. Ila Lowell na Worcester tulivyojaa, na Wakongo wanavyoendelea kuja, siku moja nyumba ya bibi wa Kikongo itawaka na hakuna wa kumuuliza watoto wako chumba gani.

Chipukizi255:

Wakuu mimi niko Texas nina grin kadi, naruhusiwa kuingia jeshi? Na nikiingia National Guard ile ya wikiendi nitahesabika veterani?

Dereva_Queens:

Grin kadi unaingia, askari wa kawaida sawa, lakini kuwa ofisa lazima uwe raia. Usiingie juu ya kazi ya mji pekee. Miaka nne ni mingi.

BoksiMpakaLini:

La pili nikujibu maana mimi mwenyewe nilishaenda mpaka mlangoni mwa ofisi ya kuandikisha, wife hajui, naomba asisome huku. National Guard watu wanadhani ni njia ya mkato, wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kiangazi, kisha unajiita veterani. Kwa ajira za huku mafunzo peke yake hayakufikishi, wanachotazama ni utumishi kamili wa kuitwa kazini. Massachusetts kwa miaka mingi kipimo kilikuwa siku 180 za utumishi kamili, au 90 kama ndani yake kuna walau siku moja ya wakati wa vita, na 2024 gavana Healey akasaini HERO Act iliyopanua tafsiri ya nani ni veterani. Texas wana yao. Waulize kwa maandishi kabla hujasaini, yule mwandikishaji ana idadi ya watu anatakiwa afikishe mwezi huo, atakwambia ndio kwa kila kitu.

Chipukizi255:

Asante mkuu. Wife hatasoma, sisi tumekaa kimya

Sufuria Nyeusi:

Mimi nimeshamtumia link

BoksiMpakaLini:

😂😂 Sufuria utanitoa kwangu.

Nimalize na kesi ya pili kwa faida ya wahamiaji wenzangu, hii inawahusu, mkitaka mkaisome. New York zamani wale wa pointi walikuwa na kikwazo: wakati unaingia jeshini lazima uwe ulikuwa mkazi wa New York. Wakatokea watu wawili, Soto-Lopez na Baez-Hernandez, walijiunga na jeshi wakiwa wakazi wa Puerto Rico, wakatumikia, wakahamia New York, wakafanya mitihani ya kazi za jiji na wakafaulu. Pointi wakanyimwa, eti wakati unaingia hukuwa wetu. 1986 mahakama ya juu ikasema hapana, umeshahamia hapa ni wa hapa, huwezi kupewa upungufu kwa sababu ya ulikotoka.

Ndo mahakama ile ile iliyomwangusha mama Feeney miaka saba nyuma. Nimezisoma hizi mbili usiku mmoja, na kinachonichanganya ni kwamba zote mbili ukisoma hoja unazielewa. Huyu alikosa pointi kwa sababu ya alikotokea, yule alikosa kazi kwa sababu ya jinsi alivyozaliwa, mmoja akapona mwingine hapana.

Dereva_Queens:

Hiyo ya Soto-Lopez ndio ilinifanya nikapata zangu basi. Mimi nilisaini nikiwa Texas.

BoksiMpakaLini:

Basi una deni la kuwaombea dua Wapuerto Rico.

Nanga wa Kigamboni:

Mkuu kwa hiyo umeamua nini? Maana umesoma mpaka mahakama ya juu lakini bado unabeba boksi

BoksiMpakaLini:

Nimefanya mambo mawili. Nimejiandikisha tena kwenye mtihani unaofuata maana listi inadumu miaka miwili tu inakufa, na umri nao una kikomo kwenye miji mingi, nina 31. Kwa hiyo huo ndo wa mwisho. Naenda kutafuta 100, nikijua kabisa 100 yangu itakaa chini ya 70 ya mwenzangu.

La pili, nimeomba kwenye mji mmoja mdogo wa hao waliojitoa, kama mzee alivyosema, nilikuwa nimeshaomba hata kabla hajasema. Fomu yao ina swali la jeshi, unatiki ndio au hapana. Nimetiki hapana. Chini yake kuna swali la lugha nyingine unazozungumza, wameacha mistari mitatu. Nimeijaza yote mitatu, Kiswahili, Kidigo, na Kiarabu cha madrasa.

Wameniita Alhamisi ijayo kwa jaribio la ngazi.

Mzee wa Lowell:

Kula vizuri. Na ile pumzi aliyokufundisha yule kijana usiisahau.

BoksiMpakaLini:

Sawa mzee. Yeye amepigiwa juzi, raundi ya pili. Anaanza chuo cha zimamoto mwezi ujao. Jana kaniazima viatu vyake vya mazoezi, vimenibana kidogo mbele.